Maswali ya wasomaji: Tana inapopanda na inaposhuka

Barua za toleo hili zimetoka Kaunti ya Tana River, au zinaihusu. Zinagusa mpunga, mbuzi, mikeka na safari, lakini karibu zote zinafika pale pale: mto unajaa lini na unashuka lini. Tumezifupisha baadhi. Majibu ya mambo yaliyoulizwa na wengi tumeyarefusha.

Hapa Hola hatujaona mvua wiki tatu, jua ni la utosini, lakini mto unapanda. Majirani wanasema watu wa umeme wamefungua mabwawa. Ni kweli? — Mkazi mpya, Hola

Ni nusu ya ukweli. Vijito vya Tana vinashuka kutoka Aberdare na Mlima Kenya, kisha mto unakwenda kama kilomita elfu moja hadi Bahari Hindi. Mvua ikinyesha huko juu, maji yake mtayaona siku kadhaa baadaye, jua likiwa lile lile. Chini ya Garissa hakuna kijito cha kudumu kinachoongeza maji. Ziko laga tu, ambazo hutiririka mvua ikinyesha na kukauka baadaye.

Kati yenu na milima yamepangana mabwawa matano: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. La zamani zaidi ni Kindaruma, lililoanza kuzalisha umeme 1968. Masinga, la juu kabisa na kubwa kuliko yote, lilikamilika 1981. Masinga likifika mita 1,056.5 juu ya usawa wa bahari limejaa, na maji ya ziada humwagika yenyewe, hakuna anayegusa kitu. Bwawa lililo nusu hupokea mvua kubwa na kuwapunguzia ninyi makali. Lililojaa halina pa kuyaweka maji hayo. Ndiyo maana masika yanayofuata vuli nzito ni ya kuogopwa, kama ilivyokuwa masika ya 2024 baada ya vuli ya 2023.

Mgeni anahitaji kujua jambo jingine, na mara nyingi hakuna anayemwambia. Kila Tana inapofurika huacha tope na mchanga kingoni. Miaka nenda miaka rudi kingo zimeinuka zikawa matuta, na ardhi ya nyuma imebaki chini. Vijiji vingi vimekaa juu ya tuta. Maji yakipasua tuta mahali fulani juu ya kijiji, hujaza bonde la nyuma kwanza na kukata njia ya kutokea, huku mtoni mbele ya nyumba kukionekana bado kuna nafasi. Anayeangalia mto peke yake hunaswa. Chomeka mti wenye alama za kila sentimita kumi mtoni, na mwingine kwenye bonde la nyuma, uisome asubuhi na jioni. Habari za Garissa na Madogo zichukue kama kengele yako, kwa kuwa maji yaliyopita huko yanakuja kwako. Bonde la nyuma likianza kupokea maji, wagonjwa, wazee, watoto, mbegu na stakabadhi viondoke siku hiyo hiyo. Magodoro yatafuata.

Tuko wanne, tunatoka Mombasa, tuna siku tano. Tunataka kuona mto, msitu wenye mbega wekundu na delta mpaka Kipini. Twende mwezi gani, tupite wapi? — Msomaji, Mombasa

Njooni Februari, au Agosti na Septemba. Mto hujaa mara mbili kwa mwaka, kuelekea Mei na tena Novemba hadi Desemba, na barabara za udongo huchukua muda kukauka. Mnaopenda ndege chagueni Februari. Wale wanaokimbia baridi ya kaskazini mwa dunia bado wako kwenye mabwawa ya delta, pamoja na korongo, yangeyange na mwari wa kila siku. Delta hii iliingizwa kwenye orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa mwaka 2012.

Pandeni kupitia Malindi hadi njia panda ya Minjila. Hapo barabara moja inakwenda Hola, Bura na Garissa, nyingine inapita Garsen kuelekea Witu na Lamu. Anzeni na msitu. Hifadhi ya Tana River Primate, iliyotangazwa 1976, iko kati ya Garsen na Hola, upande wa Wenje na Mnazini. Ina ukubwa wa kilomita za mraba 169 hivi, lakini msitu wenyewe ni vipande tu vilivyoushika mto. Ukitembea kidogo kutoka ukingoni unajikuta kwenye vichaka vikavu vya miiba, kwa sababu miti mikubwa inakunywa maji ya chini ya ardhi yanayotoka mtoni. Kima wawili, mbega mwekundu wa Tana na mangabe wa Tana, hawaishi porini mahali pengine popote duniani. Mbega hukaa juu ya miti, hula majani, na asubuhi mapema huonekana wakiota jua. Mangabe hushuka chini, kwa hiyo sikilizeni majani makavu kabla ya kutazama juu.

Kipini mtaifikia kwa kupitia Witu, yaani mtatoka Tana River, mwingie Kaunti ya Lamu, kisha mrudi Tana River mkikata kulia kuelekea baharini. Sehemu ya Gamba na Lango la Simba ndiyo hukatika kwanza mto ukifurika, basi ulizeni Garsen kabla ya kuendelea. Jazeni mafuta Garsen au Hola. Ukitoka kwenye lami unaingia udongo mweusi wa mfinyanzi. Mvua ya saa moja inaugeuza utelezi ambao hata gari la magurudumu manne hukwama. Hapo msilazimishe. Subirini jua la siku nzima.

Kuhusu picha, ombeni ruhusa kwanza, hasa kwenye manyatta ya wafugaji Waorma na Wardei, na muanze na wazee. Msifike kijijini wakati wa sala ya Ijumaa mkataka kuonyeshwa mazingira.

Sisi ni wasukaji wa mikeka. Watu wa misitu wanatuambia tunawanyima mangabe chakula. Tuache kukata mikindu? — Kikundi cha akina mama, Mnazini

Msiache, ila kateni kwa mpango. Mangabe hula sana kindu, hilo ni kweli, lakini kinachoua shina ni kukatwa moyo wake, na wanaofanya hivyo ni wagema wa tembo, si wasukaji. Kwa ukili chukueni kuti moja changa ambalo halijafunguka kwa kila shina. Mashina yanayozaa msiyaguse mpaka matunda yaishe. Kishada cha mkindu huchipua tena kutoka chini, mradi moto usipite. Shamba likisafishwa kwa moto kando ya msitu, machipukizi hayo huenda nayo, na hapo ndipo hasara kubwa hutokea.

Tunalima mpunga Ozi kwa maji ya mto yanayosukumwa na bahari inapojaa. Misimu ya karibuni miche inaungua ncha, inakuwa njano kisha inakufa. Mbolea haisaidii. Tatizo ni mbegu? — Mkulima, Ozi

Si mbegu, wala si mbolea. Ni chumvi. Kilimo chenu kinategemea ujanja wa zamani. Bahari inapojaa huyazuia maji ya mto yasitoke, maji baridi yanainuka na kuingia kwenye mifereji ya mashamba bila mashine wala pampu. Ujanja huo unataka mto wenye nguvu. Mto ukipungua, bahari haizuii tu, inaingia. Maji ya chumvi ni mazito, kwa hiyo hutambaa chini kabisa ya mto huku ya baridi yakielea juu. Kadiri mto unavyodhoofika, tabaka la juu linakuwa jembamba, na siku za bamvua yote mawili huchanganyika.

Mpunga huumizwa zaidi na chumvi mara mbili katika maisha yake: ukiwa mche, na unapotoa maua. Katikati huvumilia kiasi. Maana yake ni kwamba tarehe ya kupanda ina uzito kuliko aina ya mbolea. Sieni kitalu ili miche iingie shambani mto ukiwa umejaa, na maua yatoke kabla haujashuka sana. Mpunga wa miezi minne uliochelewa mwezi mmoja huchanua wakati mbaya kabisa. Kama mmechelewa, tafuteni mbegu ya muda mfupi badala ya kubahatisha.

Kwenye kitalu, tumieni maji ya kisima au ya mvua kama yapo. Hamisheni miche ikiwa na siku 21 hadi 28, miwili au mitatu kwa shimo, sentimita 20 kwa 20. Kwenye shamba lenye historia ya chumvi, miche mikubwa kidogo na mitatu kwa shimo hustahimili zaidi kuliko mmoja mchanga.

Tatizo la kawaida ni lango la mfereji kuachwa wazi usiku kucha. Maji ya mwanzo wa kujaa ni ya mto uliozuiwa, na bahari inakuja nyuma yake. Fungueni mapema maji yanapoanza kupanda, onjeni kila baada ya muda mfupi, na ladha ya chumvi ikitokea tu, fungeni. Ulimi unatosha kuwaonya, ila kama kikundi mnaweza kununua kipimo kidogo cha chumvi cha betri, kinunueni. Chumvi ya udongo ikizidi desisimensi 3 kwa mita, mavuno ya mpunga huanza kupungua. Lango liwe na mbao za kupachika moja juu ya nyingine. Toeni za juu tu ili yaingie maji ya juu, na za chini zibaki zimeziba.

Shamba lililokwisha kulowa chumvi lioshwe. Jazeni maji baridi sentimita kumi hivi, yakae siku mbili, myatoe yote bahari inapokupwa, na mrudie. Msiliache likauke likiwa na chumvi, maana jua litaivuta juu na mtaona unga mweupe. Miembe inayokauka kando ya mashamba yenu inaumwa ugonjwa huo huo.

Ng'ombe wa wafugaji wameingia shamba langu mara mbili kiangazi hiki. Chifu anasema shamba liko kwenye malka. Baba yangu alilima hapo. Nani ana haki? — Mkulima, karibu na Garsen

Hatuwezi kukuamulia kesi kwa barua. Tunaweza kukueleza ni nini kitakachotazamwa.

Malka ni njia ya mifugo kufikia maji pamoja na mahali pa kunyweshea penyewe. Waorma na Wardei huondoa ng'ombe deltani mvua zinapoanza, kwa sababu bara kuna malisho na madimbwi, na deltani kuna mbung'o na tope. Bara kukikauka wanarudi, na mto ndio maji pekee. Upande wenu Wapokomo, mashamba ya ukoo kwa desturi yanaanzia ukingoni na kurudi nyuma hadi kwenye kinamasi, ili kila familia ipate tuta la migomba na miembe, mteremko wa mahindi, na bonde la mpunga. Mpango huo una akili sana kwa mkulima. Lakini ukipanga mashamba ya namna hiyo bega kwa bega kwa kilomita kadhaa, umejenga ukuta kati ya ng'ombe na maji. Njia zilizoachwa kati yake ndizo malka.

Wakati wa baba yako huenda njia ilipita pembeni. Tana huhama. Hukata kona, huacha ziwa mahali ulipokuwa mkondo, na malka iliyoishia mtoni inaishia kwenye tope. Wafugaji husogea, mkulima naye husogea kufuata unyevu, na wote wawili husema ukweli wakidai wamekuwa hapo siku zote. Kwa hiyo hoja ya nani alitangulia haifiki mbali. Ulizeni malka inayofuata iko umbali gani juu na chini ya mto, ng'ombe wangapi wanapita, na kama hapo maji yanafikika kiangazi kikali.

Pitieni baraza la Gasa upande wa Wapokomo na wazee wa Waorma kwa pamoja, mbele ya chifu. Tembeeni njia yenyewe kwa miguu, msiichore mezani. Wekeni mipaka ya miti hai, mnyaa au mkwaju, maana vigingi huliwa na mchwa na mafuriko huvibeba. Kubalianeni miezi ya kupita, saa za kunywesha, na nani anakadiria hasara ya mazao kabla ng'ombe hajashikwa. Mahali pa kunyweshea pawe na mteremko mpana wa kutosha kundi kushuka na jingine kupanda. Njia nyembamba ndiyo hutawanya ng'ombe mashambani hata mchungaji akiwa mwangalifu. Andikeni, na nakala ibaki kwa pande zote. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inaruhusu jamii kusajili ardhi yake, na njia za mifugo zikiingizwa wakati wa usajili ni vigumu kuzipoteza baadaye.

Usikamate ng'ombe kwa nguvu zako mwenyewe. Mwaka 2012 na mwanzoni mwa 2013 zaidi ya watu mia moja waliuawa katika delta hii, na magomvi ya malisho na maji yalikuwa sehemu ya chanzo.

Mathenge, ule mti wa miiba, imefunga njia yetu ya mtoni. Tunakata, inarudi mara tatu. Dawa ni nini? — Mfugaji, Bura

Mnakata juu mno. Mathenge ina vichipukizi vilivyolala kwenye shingo ya mzizi, chini kidogo ya udongo. Ukikata shina juu ya ardhi unaviamsha, shina moja linakuwa matano. Chimbeni kuzunguka shina, mkate mzizi mkuu sentimita 20 hadi 30 chini ya ardhi, mng'oe kisiki. Fanyeni hivyo maji yakishapungua na udongo bado una unyevu. Kiangazi ardhi ya Bura ni kama matofali.

Mti huu uliletwa hapa miaka ya 1980 kuzuia jangwa na kutoa kuni kwa mradi wa umwagiliaji. Kuni ulitoa, hilo tusilifiche, na makaa yake ni mazuri (chukueni kibali kabla ya kuyasafirisha). Serikali iliutangaza kuwa gugu haribifu 2008. Husambazwa na mifugo yenu wenyewe. Maganda ni matamu, mbuzi humeza mbegu zima, na samadi inazipanda njiani hadi mtoni, kisha mafuriko huzipeleka chini zaidi. Mbuzi aliyekula maganda mtu asimpitishe kwenye ardhi safi kabla ya wiki moja. Maganda yasagwe kabisa, kwa sababu kusaga huua mbegu, nayo yasizidi robo ya chakula. Mnyama anayeshindia maganda matupu huoza meno kwa sukari.

Eneo lililosafishwa lipandwe nyasi msimu huo huo. Miche ya mathenge ng'oeni kwa mkono ikiwa bado fupi kuliko goti, na mrudi kila baada ya mvua, kwani mbegu hubaki hai ardhini kwa miaka. Vaeni viatu vigumu. Mwiba wake hupenya ndara na kidonda huchelewa kupona.

Mafuriko yamepita, na sasa kondoo na mbuzi wengi wanatupa mimba kwa pamoja. Tuchinje wale dhaifu kabla hawajafa? — Mfugaji, Garsen

Msichinje, na msiguse mimba iliyotupwa kwa mikono mitupu. Mimba nyingi kutupwa kwa wakati mmoja baada ya mafuriko ni dalili ya homa ya Bonde la Ufa hadi daktari wa mifugo athibitishe vinginevyo. Mayai ya mbu wanaoibeba hukaa kwenye mabonde makavu kwa miaka, kisha huanguliwa yote mabonde yakijaa maji. Nyanda hizi ziliguswa na milipuko ya 1997–98 na 2006–07. Damu na maji ya uzazi humwambukiza mtu, kwa hiyo mchinjaji na anayemzalisha mnyama ndio huumwa kwanza. Zikeni mimba ndani kabisa mkiwa na glavu. Chemsheni maziwa, nyama ipikwe ikaive. Mtu mwenye homa kali, macho yenye ukungu au anayetoka damu apelekwe hospitali mara moja na mseme kuhusu mifugo. Chanjo hutolewa kabla ya mvua. Mlipuko ukishaanza, sindano ile ile inayopita mnyama hadi mnyama inaweza kueneza ugonjwa, na chanjo ya virusi hai yenyewe huweza kutoa mimba kwa wenye mimba changa.

Nimepangiwa kufundisha kijiji cha ukingoni, hakuna mfereji wa maji. Nayasafishaje maji ya kahawia, na mamba je? — Mwalimu mpya

Tope kwanza, vijidudu baadaye. Ukitia klorini kwenye maji ya tope, tope linaimaliza nguvu. Acha maji yatulie usiku kucha ndani ya ndoo, uyamimine taratibu ukiacha masimbi. Yakiwa mazito sana, twanga mbegu za mlonge zilizomenywa, kama moja kwa lita, koroga haraka dakika moja na polepole dakika tano, yaache saa moja au mbili. Chuja kwa kitambaa kilichokunjwa mara nne. Hapo ndipo utie dawa ya klorini kwa kipimo cha chupa na kusubiri nusu saa, au uchemshe mpaka yatokote kwelikweli. Mlonge haui vijidudu vyote, hutuliza tope tu.

Mamba hujifunza ratiba. Kuteka mahali pamoja, saa moja, kila siku, ni kumpigia simu. Teka mchana, simama juu ya tuta badala ya kuinama majini, tumia kopo lililofungwa kwenye mti mrefu, na kijiji kisimike uzio wa nguzo zilizosongamana mahali pa kutekea. Uzio ukaguliwe kila baada ya mafuriko, kwani nguzo moja iliyong'oka ni mlango. Usiku kiboko yuko nchi kavu akila. Usisimame kati yake na maji.

Mtumbwi wa kuvukia ubebe watu wangapi? — Msomaji, Madogo

Tazama ukingo wa mtumbwi, usihesabu watu. Wote wakishaketi chini, ukingo ubaki juu ya maji zaidi ya upana wa kiganja kilichotandazwa, upande ulio chini kabisa. Ukipungua hapo, mmoja ashuke. Pondo ni la maji mafupi, kafi ni la kina, na nahodha awe na vyote viwili, maana mafuriko huchimba mashimo palipokuwa barabara. Hatari ya kuvuka barabara iliyofunikwa ni kubwa kuliko ya mto wenyewe. Mkondo hukata lami kwa kasi ukitoka upande mmoja, na chini kuna nguzo na seng'enge zisizoonekana. Mashua iliyozama Kona Punda Aprili 2024 na kuua watu ilikuwa kwenye maji ya namna hiyo. Dai jaketi la kuokolea kabla ya kulipa nauli, na ulifunge kamba zote.